Kazi ikiisha, mikanda iko wapi?



Kati ya barua za mwezi huu iko moja ya kijana wa Likasi. Ametumika miaka mine kwa kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa ya mugodi, zile tunaita sutretansi, na sasa wamemuambia abakie nyumbani. Anauliza hivi: "Pasta, yaya wangu iko Bruxelles. Kazi yake ilikwisha, na kila mwezi banamulipa franga za shomaji. Anasema ONEM njo inakubali mutu alipwe. Na huku kwetu ONEM iko. Niende na mikanda gani?"

Swali ni nzuri, na si yeye peke yake anayeuliza. Basi tujibu bila kuzunguka. ONEM ya Ubelgiji na ONEM ya Kongo ni majina mapacha, lakini kazi zao si moja. Kule Ubelgiji, watumikaji na patron wanatoa franga kila mwezi kwa ajili ya shomaji, na ONEM inapima nani ana haki ya kulipwa. Kwetu, ONEM ilianzishwa mwaka 2002 ili kuandika majina ya wanaotafuta kazi na kuwaunganisha na kampuni zinazotafuta watu. Kujiandikisha pale ni jambo jema, tena vijana wetu wengi hawafanyi. Lakini ONEM yetu hailipi mushomeri hata franga moja.

Nayo CNSS, ile wazee wanaendelea kuita INSS, iko na matawi matatu: pensioni (ya uzee, ya kilema, na ya wajane na mayatima), ajali na magonjwa ya kazi, na musaada kwa jamaa zenye watoto. Tawi la shomaji halimo. Ile 5% wanayokata kwenye mushahara wako kila mwezi inaenda kwa pensioni. Kwa hiyo mutu akikuja mulangoni kwako akisema, "Leta dola makumi mbili, nitakuandikisha kwa franga za bashomeri," mumushukuru na mufunge mulango. Biro ile haiko.

Sasa, kijana wetu asivunjike moyo. Kama franga za shomaji haziko, kitu kingine kiko, nacho watu wengi wanakipoteza kwa kutojua. Ni dekonti finali. Kwetu, dekonti njo chakula cha jamaa wakati baba anatafuta kazi ingine. Na mutu anaipata ao anaikosa kufwatana na mikanda aliyoshika mikononi siku ya kutoka kazini, na zile siku chache zinazofwata.

Sheria tunayoifwata ni Kode ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyogeuzwa fasi fulani mwaka 2016. Inasema kwamba kazi ikikwisha, patron anapaswa kulipa yote yaliyobakia kwa siku mbili za kazi, si zaidi. Siku mbili! Najua wasomaji wengine wanacheka sasa, kwa sababu wanangojea tangu mwaka jana. Lakini ni vizuri kujua kwamba sheria haikusema "rudia kesho."

Ndani ya dekonti munaingia nini? Kwanza siku ulizotumika mwezi ule na haujalipwa. Pili konji yako ambayo haukuchukua: sheria inatoa angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, na siku zaidi kwa wale wenye kukawia katika kampuni. Tatu preavi. Hapa watu wengi wanapotea, basi tukawie kidogo.

Preavi ni siku ambazo patron anapaswa kukujulisha mbele ya kukutoa, kama kontra yako haina tarehe ya mwisho. Ni siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika. Kijana wa miaka mine anahesabu hivi: 14, na 7 mara 4 ni 28, jumla siku 42. Siku ya Mungu haihesabiwi, kwa maana si siku ya kazi. Kama patron hataki akae siku zile kazini, anaweza kumurudisha nyumbani leo leo, lakini anamulipa zile siku 42 kama vile alitumika. Tuseme siku moja ya kazi yake ni dola 15. Preavi peke yake ni dola 630. Kama konji ya miezi nane haijachukuliwa, ni siku nane, dola 120. Kama alitumika siku 11 za mwezi wa mwisho, ni dola 165. Jumla dola 915, mbele ya kutoa kodi na mambo mengine ya sheria. Lakini mara mingi kijana kama huyu anaitwa pembeni, anapewa dola 300 ndani ya bahasha, anaambiwa: "Shika, twende kwa amani." Amani ya nani?

Wenye kontra ya tarehe, hesabu yao ni ingine. Hawana preavi, lakini patron akiwatoa mbele ya tarehe bila sababu ya haki, anapaswa kuwalipa kiasi cha mushahara wa miezi iliyobakia. Kwa hiyo soma kontra yako leo, si siku ya kufukuzwa. Iko na tarehe ao haina?

Na wale wa kutumika siku kwa siku? Wanaambiwa, "Wewe ni jurnalie, hauna haki." Si kweli yote. Sheria inasema hivi: ukiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na wakakuita tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, basi kazi ile mupya inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Ndiyo sababu wakubwa wengine wa kazi wanageuza majina kwenye liste, ao wanakupumuzisha siku ya 20. Kijana, nunua kaye ndogo. Kila siku uandike tarehe, fasi ulipotumika, na jina la kapita. Kama iko liste ya kupointa ukutani, uipige picha na simu. Kaye ile haina bei kubwa, lakini mbele ya inspekteri inasema kuliko machozi.

Tuseme sasa juu ya mitego. Iko mingi, lakini mitatu ndiyo ninayoona zaidi kwa watu wanaokuja kuniuliza.

Wa kwanza ni kufukuzwa kwa mudomo. Kapita anakuambia pa porti, "Wewe usirudie tena." Hakuna barua. Wewe unaenda nyumbani, nyuma ya juma mbili kampuni inaandika kwamba uliacha kazi mwenyewe, ulikosa siku nyingi bila kuomba ruhusa. Sheria inaomba barua, na ndani ya barua sababu. Kama barua haiko, usibakie nyumbani. Rudia asubuhi ile ile kwa saa ya kazi, pamoja na mushuhuda, na siku ile andika mukanda ukisema: "Tarehe fulani nilikuja kazini, nikakatazwa kuingia." Hata kama wamekushitaki kosa kubwa, kama wizi, wanapaswa kukuandikia ndani ya siku 15 za kazi tangu walipojua jambo lile. Na mwenye kosa kubwa anapoteza preavi, lakini siku alizotumika na konji yake hazipotei. Ni jasho lake.

Mutego wa pili ni demisyo. Mukubwa wa biro anakuja na uso wa huruma: "Andika kwamba unaacha kazi mwenyewe, nyuma ya miezi mitatu tutakurudisha." Ndugu, usiandike. Anayeacha kazi mwenyewe halipwi preavi. Tena ni yeye anayepaswa kutoa preavi kwa patron, nusu ya ile ambayo patron angetoa. Na tena anajifungia mulango wa malipo ya kufukuzwa bila sababu, ambayo tribinali inaweza kuamua mpaka kiasi cha mishahara ya miezi 36. Kwa nini mutu anayekupenda akuombe uandike barua ya kujifukuza?

Wa tatu ni kutia sahihi bila kusoma. Una haki ya kuuliza dekonti iliyoandikwa kwa mistari: siku ngapi, konji ngapi, preavi ngapi, wamekata nini. Kama imeandikwa kwa Kifaransa na Kifaransa chako ni cha masomo ya kwanza, omba kwenda nayo kwa mutu anayejua. Kama njaa iko nyumbani na unapaswa kushika franga leo, shika. Lakini mbele ya sahihi yako andika kwa mukono wako "sous réserve de mes droits", ni kusema: napokea hii, lakini haki zingine sijaziacha. Na uombe kopi. Wakikataa kutoa kopi, piga picha.

Pamoja na dekonti, kuko mukanda mwingine ambao wengi wanausahau: sertifika ya mwisho wa kazi. Patron anapaswa kuitoa, hata kama alikufukuza kwa hasira. Inaandikwa kazi gani ulifanya, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani, na namba yako ya CNSS. Maneno mengine hayaruhusiwi, hata "alikuwa mukaidi". Kule Ubelgiji yaya wa kijana wetu hawezi kuomba shomaji bila mukanda wa patron unaoitwa C4. Ni vile vile: bila mukanda, hata kule kwa wazungu mulango haufunguki.

Basi njia ya kudai ni gani? Kama iko delege wa sendika, anza kwake siku ile ile. Kisha andika barua kwa patron, kopi mbili: moja wanabaki nayo, ingine wanatia tampo na tarehe, unairudisha nyumbani. Barua isiwe ndefu, isiwe na matusi wala maneno ya kuhubiri. Jina, kazi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, mambo unayoomba na hesabu yake. Inatosha. Wakinyamaza ao wakikataa, unaenda kwa inspekteri wa kazi wa fasi ile. Huwezi kuruka inspekteri na kwenda tribinali moja kwa moja. Tribinali ya kazi haipokei mashitaki ya mutu ambaye hakupita kwanza kwa inspekteri kutafuta mapatano. Inspekteri anaita pande mbili. Mukipatana, inaandikwa. Musipopatana, inaandikwa vile vile, na karatasi ile njo ufunguo wa tribinali. Usiondoke pale bila karatasi ile.

Na hapa nasema kwa nguvu: siku zinahesabiwa. Madai ya mushahara yanakufa nyuma ya mwaka mumoja tangu siku mushahara ulipopaswa kulipwa. Madai mengine yanayotoka katika kontra yana miaka mitatu. Shauri langu: usianze kubishana hili ni la mwaka mumoja ao la miaka mitatu. Hesabu mwaka mumoja kwa yote, utakuwa salama. Watu wetu ni wavumilivu kupita kiasi. Wanaambiwa "mukubwa iko Kinshasa", "banki bado", "tunangojea patron wa Chine arudie", na wanarudia kila Juma Tatu kwa heshima, kofia mikononi, miezi 13. Siku wanapofika kwa inspekteri, avoka wa kampuni anafungua kitabu na kuonyesha tarehe tu. Ahadi ya mudomo haisimamishi siku.

Wakristo wengine wananiambia, "Pasta, kushitaki ni zambi." Kuuliza mushahara wako kwa mutu wa serikali aliyewekwa kwa kazi ile si ugomvi. Yakobo alimuhesabia Labani miaka yake yote 20 mbele ya ndugu, mushahara uliobadilishwa mara kumi, na hakuna aliyemuita mugomvi. Omba, ndiyo. Na uandike barua.

Tena mutu asifikiri kwamba mambo haya ni ya wavivu. Mwisho wa mwaka 2008, bei ya shaba ilipoanguka, kampuni nyingi za Katanga zilifunga kwa miezi michache tu. Mwezi wa 11 mwaka 2019 mugodi wa Mutanda karibu na Kolwezi ulisimamishwa, na ulikawia mbele ya kuanza tena. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje. Katika mambo kama haya mutumikaji hodari na mutumikaji mulegevu wanatoka kwa porti moja.

Wazee wa Gécamines wanajua habari hii kuliko mimi. Mwaka 2003 na 2004, kwa franga za Banki ya Dunia, watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi, wengi wao wakiwa na miezi mingi bila mushahara. Walitia sahihi, wakapokea. Kisha wengi walisema kwamba hesabu haikufwata sheria, wakajiunga pamoja kudai, na madai yao yaliendelea miaka na miaka. Muwaulize wazee wale katika kanisa lenu: ni nani alishika bulteni zake za mushahara, na ni nani alifungia nazo karanga?

Juu ya bulteni zile, neno moja la CNSS. Patron anakata 5% kwako na yeye anaongeza 13%. Lakini kukata ni kitu kimoja, kufikisha ni kingine. Usingoje uzee ili kujua. Wakati ungali na kazi, nenda kwa biro ya CNSS na kitambulisho chako, uulize kama jina lako liko na kama miezi yako inaingia. Pensioni ya uzee inaomba miaka 60 na miezi 180 iliyolipwa. Mwenye miezi pungufu anapewa malipo ya mara moja tu. Kijana anayeruka kampuni sita za sutretansi kwa miaka 15 anaweza kufikia miezi ile 180, lakini tu kama namba yake ilikuwa moja kwa kampuni zote na kila patron alilipa. Ukianza kazi mupya, toa namba yako ya zamani. Usikubali wakufungulie ingine.

Mama wa nyumba, mikanda hii ni yako pia. Baba akifa, ni wewe utakayesimama mbele ya meza ya CNSS, na pale hawataulizia picha za harusi kanisani wala idadi ya mbuzi wa mahari. Wataomba akti ya ndoa ya serikali na akti za kuzaliwa za watoto. Najua jamaa nyingi katika makanisa yetu zenye miaka makumi mbili ya ndoa nzuri na hazijaandikwa kwa biro ya etasivili. Muende mwezi huu, baba angali na nguvu ya kutembea. Na mikanda yote ikae katika mufuko mumoja wa plastiki, fasi ambayo mvua na panya hawafiki, na wote wawili mujue iko wapi: kontra, bulteni, karatasi ya CNSS, barua zenye tampo.

Kijana wetu wa Likasi hakutuandikia tarehe aliyotolewa. Atutumie kwa upesi, pamoja na kopi ya kontra yake. Na wengine wanaotaka kutuandikia juu ya jambo hili, tafazali mutume kopi tu. Orijinali zibakie kwenu.